Bandari Bubu na Abiria Wake

Neno bandari bubu limezoeleka mno katika Kiswahili cha ofisini na cha magazetini hata halimshitui tena msomaji. Maana yake ni pwani isiyo na gati, isiyo na karani wa forodha wala daftari la abiria. Mahali ambapo watu na mizigo hupanda na kushuka pasina serikali kusikia. Aliyelibuni neno hili alikuwa mshairi, ajapokuwa alikaa nyuma ya meza. Kuipa pwani ulimi, kisha kuukata, ni kazi ya sitiari, na sitiari hii inastahili kuhakikiwa kama zinavyohakikiwa nyingine, kwa kuwa ndani yake mna hukumu: kinachoandikwa ndicho kinachosema, na kisichoandikwa ni bubu.

Fasihi ya mwambao, kwa bahati mbaya, imeikubali hukumu hiyo bila ya kuijadili. Fasihi hii imeandika mengi juu ya bahari na mengi juu ya bandari. Imemwandika nahodha, baharia, kuli, mtoza ushuru na askari wa manowari. Aliye haba ndani yake ni yule ambaye bila yeye bandari nyingi za leo zisingekuwepo, yaani abiria: mama mwenye mtoto mgongoni na kapu mkononi, anayekwenda ng'ambo kwa msiba au kwa harusi na kurudi keshokutwa.

Moa ni mahali pazuri pa kuanzia kuutazama upungufu huu. Iko kaskazini ya mji wa Tanga, katika wilaya ya Mkinga, ndani ya ghuba yenye mikoko, karibu na Jasini na karibu na mpaka wa Kenya. Mbele yake ni mkondo wa Pemba. Kaskazini yake, safari fupi kwa tanga, ni Vanga, na mbele ya Vanga ni Shimoni. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani waligawana nchi hizi kwa mstari uliotajwa kuanzia kwenye mlango wa mto Umba, na tangu hapo Wadigo, Wasegeju na Wavumba waliokuwa wakitembeleana kwa mashua wakawa, kwa mujibu wa karatasi, wanatoka nchi moja kwenda nyingine kila wanapokwenda kuzikana. Vitabu vya vita vinaikumbuka sehemu hii kwa mapigano ya Jasini ya Januari 1915. Juu ya wanaovuka havisemi kitu, na si ajabu, maana vitabu vya vita havikuandikiwa hilo. La ajabu ni kwamba diwani na riwaya nazo zimenyamaza.

Sasa na ichukuliwe bandari iliyo kinyume cha Moa kwa kila kitu. Malindi ya Unguja ni bandari ya abiria yenye msongamano mkubwa. Boti za mwendo wa kasi huja na kwenda Dar es Salaam mara kadhaa kwa siku. Meli za kwenda Mkoani na Wete huondoka na magodoro, baiskeli, magunia ya unga na wanafunzi wanaorudi likizo. Na katika msimu wake huja meli za watalii, kila moja mfano wa mtaa mzima unaoelea, zikawashusha wageni asubuhi na kuwapakia tena jioni ilhali nusu yao hawajaujua mji ule unaitwaje kwa wenyewe. Hapo wapo makarani, wapo askari, yapo madaftari na mashine za kukagua mizigo. Ikiwa bandari husema kwa sababu imeandikwa, basi Malindi ingekuwa na sauti kubwa kuliko zote. Lakini msomaji akimtafuta abiria wa Malindi katika fasihi ya Kiswahili atampata kwa shida karibu sawa na ya kumtafuta wa Moa. Mgeni wa siku moja ameandika kumbukumbu zake na kuzichapisha kwao. Mwenyeji wa Pemba aliyesafiri mara mia kwa meli hizo hajaandikwa.

Sababu mojawapo ni ya kihistoria. Bandari iliingia katika maandishi yetu ya zama hizi kwa mlango wa forodha na wa mizinga. Agosti 1888 kampuni ya Wajerumani ilianza kushika forodha za Mrima kwa mkataba iliofunga na Sultani wa Zanzibar. Watu wa pwani wakakataa, na Septemba ya mwaka huo manowari ya Kijerumani ikaupiga mji wa Tanga kwa mizinga. Hayo ndiyo aliyoyasimulia Hemedi bin Abdallah wa ukoo wa Buhriy, mwanachuoni wa Tanga, katika Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima, unaonasibishwa na mwaka 1307 wa Hijra. Ni utenzi mkubwa kwa kila kipimo. Hemedi anajua kumfanya adui azungumze bila ya kumfanya mpumbavu, na anajua kuwalaumu watu wa pwani bila ya kuwasaliti. Hata hivyo bandari yake ni uwanja. Ni mahali pa bendera kupandishwa na kuteremshwa, pa mashua za vita kukaribia na kurudi. Anayekuja kwa bahari katika utenzi huu anakuja kutawala au kupigana. Hakuna nafasi ya anayekuja kumwona dada yake. Halimlaumu mtunzi jambo hili, kwa kuwa vita ndiyo maudhui yake. Lakini mfano wake umekuwa na nguvu, na waliomfuata wameirithi bandari hiyohiyo hata pale ambapo mizinga imekwisha kunyamaza.

Kuna mkasa mwingine wa kusikitisha kidogo. Nathari za mwanzo za abiria Mswahili aliyesafiri kwa meli ya moshi na kusimulia aliyoyaona zilichapishwa Ujerumani, katika mkusanyo wa Carl Velten wa mwaka 1901, Safari za Wasuaheli. Humo yumo Salim bin Abakari aliyefika Urusi na Siberia mwaka 1896. Macho yake ni makali, na mshangao wake hauna unyonge. Lakini aliandika kwa kuwa bwana mkubwa na mwalimu wa lugha walitaka maandishi ya Kiswahili ya kufundishia na kuchunguza. Abiria wetu wa kwanza wa kitabuni alipanda meli akiwa mtumishi na akashuka akiwa mfano wa sarufi.

Kisha akaja Shaaban Robert, na hapa mhakiki ana haki ya kusimama kwa muda. Mzaliwa huyu wa Vibambani, kusini ya mji wa Tanga, aliajiriwa na idara ya forodha tangu 1926 hadi 1944, na Pangani ilikuwa miongoni mwa vituo vyake. Miaka kumi na minane ni umri wa mtu mzima. Kwa miaka yote hiyo mwandishi mkubwa kuliko wote wa karne iliyopita katika lugha hii alifanya kazi hasa ya kuandika yaliyoshuka kutoka vyomboni. Msomaji angetazamia kwamba vitabu vyake vitanukia lami, nguru na magunia ya chumvi. Havinukii hivyo. Maisha Yangu ni kitabu cha tabia, cha ndoa na ulezi, cha heshima ya mtu mweusi katika serikali ya kikoloni, cha kalamu na njaa. Forodha imo kama ajira, haimo kama mahali. Kusadikika iko angani. Adili na Nduguze, hadithi yenye mizizi katika Alfu Lela Ulela, ina safari za bahari, lakini bahari yake ni mahakama. Hasidi na Mwivu wanamtosa ndugu yao kwa husuda, na jini Huria anatokea kumwokoa kwa kuwa wema hauozi. Ni bahari ya maadili, iliyo safi, isiyo na karani anayeuliza jina wala mtu anayetapika kwa mawimbi ya kusi.

Wapo wanaoeleza jambo hili kwa kusema kwamba Shaaban alikuwa mwandishi wa fikra, si wa mazingira. Maelezo hayo ni mepesi. Yawezekana zaidi kwamba mtu aliyeshinda mchana kutwa akigeuza watu na vitu kuwa mistari ya daftari alihitaji, usiku, aina ya maandishi yasiyofanana na daftari hata kidogo. Barua zake kwa nduguye Yusuf Ulenge, za tangu 1931 hadi 1958, zilizohaririwa na M. M. Mulokozi na kutolewa kitabu, zinaitilia nguvu dhana hii kwa namna moja: ndani ya barua hizo yumo mtu anayehesabu, anayefuatilia, anayedai majibu na kukumbusha ahadi. Karani hakufa. Alizuiwa tu asiingie katika kazi za sanaa. Hasara ya msomaji ni kwamba forodha ya Pangani ya miaka ya 1930, iliyokuwa na shahidi bora kuliko zote, imebaki bila ya ushahidi wake.

Aliyeivunja desturi hii kwa ujasiri ni Adam Shafi Adam. Kuli, iliyotoka 1979, ilifanya jambo ambalo riwaya ya Kiswahili haikuwa imelifanya kwa nguvu kiasi hicho: iliitazama bandari ya Unguja kutoka chini ya gunia. Rashidi anairithi kazi ya baba yake kama wengine wanavyorithi shamba, na mgomo wa 1948 unaingia kitabuni kama jambo lililolipiwa kwa migongo ya watu, si kwa hotuba. Ubora wa Kuli umo katika uzito. Msomaji anaijua bandari kwa kilo. Lakini uzito huohuo unaweka mpaka: kinachopita gatini katika riwaya hii ni shehena, na jicho la mwandishi, kwa haki kabisa, liko kwa anayebeba na halina faragha ya kumtazama anayebebwa na meli. Ni katika Vuta N'kuvute, ya 1999, ndipo abiria anapoanza kupata uso. Ndoa ya Yasmin na mzee Raza inampeleka Mombasa, na kumtoroka mumewe ni kuvuka bahari kurudi Unguja. Safari ile si pambo. Mwanamke aliyeondoka akiwa mali ya mtu anarudi akiwa hana mtu, na baina ya hali hizo mbili pana maji tu. Amil Shivji alipoigeuza riwaya hii kuwa filamu, iliyooneshwa 2021, watazamaji wengi waliisifu kwa mapenzi na siasa; Yasmin anayevuka peke yake naye anastahili sehemu ya sifa hizo.

Kwa upande wa ushairi, jina lisiloweza kurukwa ni Haji Gora Haji, mzaliwa wa Tumbatu, aliyeishi tangu 1933 hadi 2021 na kuijua bahari kwa mikono, akiwa mvuvi na baharia kabla ya kuwa mshairi wa kualikwa Ulaya. Kimbunga, diwani yake ya 1994, inasomeshwa sana kwa mafumbo ya kisiasa, na usomaji huo umekuwa kama dawa moja inayotolewa kwa kila ugonjwa. Kabla ya kuwa fumbo, kimbunga ni upepo. Mtunzi aliyewahi kushusha tanga kwa haraka hatumii neno hilo kama anavyolitumia mwalimu wa darasani, na lau wahakiki wangelimsoma kwanza kama baharia, huenda mafumbo yenyewe yangezidi kina.

Hapa panataka maneno machache juu ya lugha. Abiria ni neno la asili ya Kiarabu, na shina lake ni lile la kuvuka. Katika shina hilohilo yamo ibara, yaani maneno yanayovusha maana, na kutabiri, ambako asili yake ni kuivusha ndoto hadi kwenye tafsiri. Kwa hiyo abiria na ibara ni watu wa nyumba moja. Watungaji wa mwambao, wanaojivunia kulijua kila shina, wamemtazama ndugu mmoja na kumwacha mwingine akisubiri gatini.

Kusubiri huko kuligeuka kuwa jambo zito usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, pale meli ya Spice Islander ilipozama karibu na Nungwi ikitoka Unguja kwenda Pemba. Haikutoka katika bandari bubu. Ilitoka Malindi, mbele ya makarani na madaftari. Hata hivyo, kwa siku kadhaa hapakuwa na mtu aliyeweza kusema ndani yake mlikuwa na watu wangapi. Tume ya uchunguzi, iliyotoa matokeo yake Januari 2012, ilifika kwenye hesabu ya abiria zaidi ya 2,400, idadi inayoizidi mara kadhaa ile iliyoruhusiwa; maiti 203 walipatikana, na watu 1,370 wakahesabiwa kuwa hawakuonekana. Hawa wa mwisho walijulikana kwa njia moja: jamaa zao walijitokeza kuwataja. Daftari la bandari lilikuwa bubu. Waliosema ni mama zao. Haukupita mwaka, tarehe 18 Julai 2012, Skagit ikazama karibu na Chumbe ikitoka Dar es Salaam. Na Januari 2017 boti iliyokuwa ikitoka Tanga kwenda Pemba ilizama karibu na kisiwa cha Jambe, ikapoteza roho za watu zaidi ya kumi, msiba mdogo kwa hesabu za magazeti na mkubwa kwa mitaa iliyozika.

Utungo wa maafa una kawaida zake katika ushairi wetu. Huanza kwa jina la Mwenyezi Mungu, hutaja siku na tarehe, husimulia kishindo, huwaombea marehemu, huwausia waliobaki subira, na humalizia kwa jina la mtunzi. Kawaida hizi si za kudharauliwa. Zimewatuliza watu kwa karne nyingi, na msiba hautaki uzushi. Kosa la tungo nyingi za aina hii liko mahali pengine. Zinapofika kwa abiria husema halaiki, umati, mamia, kana kwamba mtunzi naye amekabidhiwa daftari lilelile la gatini. Na utenzi, kwa umbo lake, haukulazimika kufanya hivyo. Vipande vyake vifupi vya mizani nane vimezoea kuorodhesha: majumbe, masahaba, mashujaa, miji. Hemedi aliwataja watu wa Mrima kwa majina yao na ubeti haukuvunjika. Mtunzi wa msiba wa meli anayo zana mkononi ya kufanya kile ambacho karani hakukifanya, yaani kumtaja mpishi wa Wete, mwanafunzi wa Chake Chake, bibi harusi na sanduku lake. Anapochagua kusema umati, anachagua. Pia kuna suala la kadari. Kuikubali kadari ni imani, na mhakiki hana la kuongeza hapo. Lakini ubeti unaoitaja kadari ukaiacha tikiti iliyouzwa mara tatu ya nafasi umeeleza nusu ya tukio, na nusu hiyo inamfaa mwenye meli kuliko mwenye maiti.

Haya yakisemwa, ni rahisi kudhani kwamba dawa ni daftari: kila pwani iwe na karani, kila abiria aandikwe, na fasihi iige mfano huo. Historia ya njia hii ya bahari inakataa jibu hilo jepesi. Baada ya mauaji ya Januari 2001, zaidi ya watu 2,000 walikimbia Pemba na kuvuka kwa vyombo vidogo hadi Shimoni. Hakuna aliyewakatia tikiti. Lau ng'ambo ile kila diko lingekuwa na askari na orodha, wengi wao wasingevuka. Usiku ule ububu wa pwani ulikuwa sitara, kama ulivyokuwa kwa watu wengine wengi kabla yao waliokuwa na sababu za kutotaka kuulizwa jina. Kwa miaka mingi baada ya Muungano wa 1964 abiria wa baina ya Bara na Unguja aliendelea kuulizwa karatasi, na aliyeulizwa anajua kwamba kuandikwa si kuheshimiwa. Bubu, basi, ana maana mbili: asiyeweza kusema, na aliyeamua kutosema. Maofisa wanaijua ya kwanza tu, na wanaongeza ya tatu, kwamba anaficha magendo. Kwa kweli karafuu za Pemba zimewahi kupita njia hizo kwa wingi kila bei ya nyumbani ilipokuwa mbaya. Mwandishi atakayeijia Moa na maana moja tu kati ya hizo ataandika ripoti.

Ugumu wa kisanaa uko hapo. Orodha humwokoa abiria asisahauliwe na humtia mashakani asishikwe. Riwaya ya bandari bubu ingelazimika kumtaja mtu na kumsitiri katika ukurasa mmoja. Taarabu imeliweza jambo hili siku zote. Nyimbo za Tanga, za enzi ya Black Star na Lucky Star, zilizovuka hadi Mombasa na visiwani, zimejengwa juu ya mtu anayetajwa bila ya kutajwa, na msikilizaji aliyehusika hujijua mwenyewe. Nathari haijajifunza ustadi huo kutoka kwa jirani yake. Mwandishi wa hadithi wa siku hizi akitaka kumficha mhusika humpa jina la mafumbo, Bwana Fulani au Mji Usiojulikana, na kumbe jina la mafumbo ndilo linalopiga kelele kuliko yote.

Pana na kikwazo cha msamiati. Bandari ya Tanga imechimbwa kina cha mita 13 ili meli kubwa zifunge gatini badala ya kushusha shehena nangani kwa matishari, na Kiswahili cha bandari hiyo ni cha mitambo na makontena, kinachofahamika kuanzia Durban hadi Dubai. Moa inakwenda kwa maji. Chombo hushuliwa maji yajaapo na huachwa juu ya matope yapwapo. Bamvua ina hesabu zake na maji mafu yana zake. Anayetaka kwenda Vanga haulizi saa ngapi, huuliza mwezi ngapi. Maneno ya mambo haya yamo katika Kivumba na Kimtang'ata na katika vinywa vya wanawake wanaongoja wamekaa juu ya mizigo yao, na mengi hayamo katika kamusi zinazotumiwa na wahariri. Sheikh Ali bin Hemedi, mwana wa mtunzi wa utenzi, alipoandika habari za Mrima katika Mambo Leo miaka ya 1930, aliwaandikia wasomaji ambao maneno hayo walikuwa nayo majumbani. Msomaji wa leo wa Michenzani au Ngamiani ataletewa ukurasa wenye mkoko, mkondo na mashua, basi, na ataambiwa hiyo ndiyo bahari.